Mti Mkubwa Ndani ya Chungu Kidogo

Ukija kwetu Mpendae, mjini Unguja, pita uani nyuma ya nyumba. Juu ya kibao, mahali wasipofika kuku, utaona bakuli pana la udongo wa kuchoma. Ndani yake umesimama mti wa jamii ya mtini. Shina lake ni nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Mizizi yake imejitandaza juu ya udongo kama vidole vya mzee. Matawi yake yametanda kivuli kama ya mti wa barazani. Lakini kwa urefu haufiki gotini pako. Wageni hutuuliza, "Mche huu mtaupanda lini?" Nasi hucheka, maana mche huo ulitolewa ukutani mwaka 1986, na wengi wa waulizao ni wadogo kwake kwa umri.

Leo nataka kukueleza jinsi mti wa namna hii unavyopatikana, unavyolelewa, na hasa unavyobadilishiwa udongo. Sikuelezi kwa ajili ya kupitisha wakati tu. Limo katika kazi hii jambo moja linalomfaa kila mwenye shamba, nalo ni hili: mti hauuawi na kisu kinachokata mizizi kwa wakati wake. Mara nyingi zaidi huuawa na mizizi iliyoachwa ijizungushe yenyewe gizani, hali majani bado yapendeza machoni.

Si mbegu ya namna nyingine

Watu wengi wakiuona mti huu hudhani ni mbegu ya vibeti. Sivyo. Mbegu ni ile ile. Ungepandwa ardhini ungekwenda juu kuliko paa la nyumba. Wengine husema mti umedumazwa kwa njaa. Hilo nalo si kweli, kwa sababu mti wenye njaa hufa. Huu hulishwa, hunyweshwa na kuota jua kila siku. Ila hukatwa juu na chini kwa kipimo, hata majani na mizizi vikalingana.

Wajapani huiita kazi hii bonsai, yaani kilichopandwa katika sinia. Nao waliipata kwa Wachina. Katika kaburi la mwana wa mfalme wa China aitwaye Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, zimo picha za ukutani zinazoonyesha watumishi wamebeba vyombo vyenye miti midogo. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la nchi lilipoharibu mji wa Tokyo, watunza miti wa mji ule walitafuta mahali penye nafasi na maji mazuri, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya. Kijiji hicho kipo hata leo, na watu hutoka nchi za mbali kwenda kukitazama.

Baba yangu hakulijua neno bonsai. Yeye alikuwa mwashi.

Mti uliotoka ukutani

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndege hula matunda ya mitini, kisha huangusha mbegu katika nyufa za kuta. Mvua ikinyesha, mbegu huota. Mwanzoni utaona majani mawili tu, tena mazuri. Lakini mzizi hushuka ndani ya ukuta ukitafuta maji, hunenepa mwaka hata mwaka, mwisho hupasua jiwe na jiwe. Kwa hiyo waashi wa Mji Mkongwe huujua mti huu kama adui. Na mji wenyewe ni wa thamani: mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwaka 1986 baba aliitwa kutengeneza ukuta wa nyumba moja, akakuta mtini mwenye shina la unene wa kidole gumba. Ulikuwa umejipinda vizuri, kwa kuwa ulikua penye udongo kidogo na upepo mwingi. Hakuuvuta, maana anayevuta hubomoa ukuta na kuchana mizizi. Alichokoa chokaa polepole kwa tindo, akakata mzizi mkuu, akaiviringisha mizizi midogo katika gunia bichi, akaufunga mti nyuma ya baiskeli. Kisha akalijaza lile tundu kwa chokaa mpya, kwa sababu kipande cha mzizi kikibaki ukutani huchipua tena. Siku ile alifanya kazi mbili kwa mara moja: aliuponya ukuta, akaupatia mti makao.

Wewe wa kijijini huna haja ya kwenda mjini kutafuta ukuta. Tembea maweni, kusini na mashariki mwa Unguja, ambako udongo ni haba juu ya jiwe. Utaona miti ya miaka mingi isiyozidi kimo cha mtoto. Au tazama mkwaju ulioota kando ya njia ya mbuzi. Mbuzi ndiye mkataji wa kwanza wa bonsai: kila akipita hula ncha, na shina huendelea kunenepa hali mti haurefuki.

Lakini shika masharti haya. Omba ruhusa kwa mwenye mahali. Usiguse miti ya Jozani wala ya hifadhi yoyote. Juu ya majabali ya pwani uko mti mdogo wa majani manene, ambao wataalamu huuita Pemphis acidula. Huko Indonesia hutafutwa sana kwa bonsai. Lakini hukua polepole mno, na ukihamishwa hufa kwa urahisi. Huo uache ulipo. Kung'oa miti kumi ili mmoja upone si ulezi, ni uharibifu. Na kumbuka kwamba tawi la mtini, hata nene, huota mizizi likichomekwa katika udongo wenye unyevu kivulini. Hivyo waweza kupata mti pasipo kung'oa chochote.

Ukiruhusiwa kung'oa, ngoja mwanzo wa masika, ufanye kazi jioni. Mizizi isiuone mwanga wa jua hata kwa dakika chache.

Miaka ya kunenepesha shina

Baba alikuwa ameshajaribu mti mwingine kabla ya huu. Aliutia mara moja katika chungu kidogo, kwa kuwa alitaka kuona uzuri upesi. Baada ya miaka minne ulikuwa mwembamba vile vile kama mche wa mchicha. Hapo ndipo alipojifunza kwamba shina hunenepeshwa na wingi wa majani, na chungu kidogo hakiwezi kulisha majani mengi. Kwanza nenepesha, halafu punguza.

Basi huu wa pili aliutia katika debe la mafuta lililotobolewa matundu chini. Chini ya mizizi aliweka kipande cha kigae bapa, ili mizizi isiende chini moja kwa moja, bali ijitandaze pande zote. Akaacha tawi moja likue lipendavyo, hata likapita kimo chake. Majirani wakamcheka kwamba mti umekwenda upande. Tawi lile lilipokwisha kunenepesha shina, alilikata. Likachipuka jingine juu yake, naye akalifanyia vile vile. Kila alipokata, sehemu mpya ya juu ilikuwa nyembamba kuliko ya chini, na ndivyo lilivyo shina la mti mzee. Kazi hiyo ilichukua miaka tisa. Mwaka 1995 ndipo mti ulipoingia katika bakuli.

Tangu hapo kazi ikawa ndogo ndogo lakini ya daima. Chipukizi likitoa majani sita, hukatwa yakabaki mawili. Tawi linalokwenda juu mno huzungushiwa waya wa shaba, kisha hupindwa kidogo kidogo. Hapa nikuonye, maana kosa hili ni langu mwenyewe. Vuli moja niliagizwa niuondoe waya, nikasahau. Mtini hukua upesi. Waya ukaingia katika ganda, na kovu lake lipo hata leo. Angalia waya kila juma, uukate vipande vipande kabla haujauma. Angalia pia utomvu mweupe unaotoka penye jeraha. Usiuache ukuingie machoni, na ukikugusa ngozi unawe mara moja.

Siku ya kukata mizizi

Sasa nafika penye kiini cha habari yangu. Macho ya baba yaliingia ukungu, hata mwaka 2009 hakuweza tena kuona kazi ya mikono yake. Mti ukaachiwa mimi. Nami nilifanya kila nililodhani ni jema: niliupa maji asubuhi na jioni, nikauongezea samadi. Lakini sikuwa na ushujaa wa kuutoa katika bakuli. Mara ya mwisho baba alikuwa ameubadilisha udongo mwaka 2005.

Kufika mwanzo wa mwaka 2011, maji niliyomwaga hayakuingia. Yalisimama juu, kisha yakafurika ukingoni. Majani yakageuka manjano. Nikaongeza maji. Yakazidi kuanguka. Mwisho nikamwambia baba. Akasema, "Nipeleke hapo ulipo." Akapapasa ukingo wa bakuli, akajaribu kupenyeza kidole katika udongo, kisipite.

"Mwanangu," akasema, "humu hamna udongo tena. Ni mizizi mitupu. Lete kisu."

Nikamwambia, "Baba, mti ni mgonjwa, tukiukata utakufa."

Akanijibu, "Usipoukata ndipo utakapokufa."

Msomaji, elewa sababu yake. Mzizi hunywa kwa ncha zake changa. Ndani ya bakuli mizizi ikikosa nafasi hujizungusha, hubanana, hula udongo wote, na hewa hukosa njia. Maji unayomwaga hayafiki kati. Ukikata mzizi mzee, penye jeraha hutoka ncha nyingi mpya, na mti hupata vinywa vipya. Hivyo ndivyo mti unavyoweza kuishi miaka mia na zaidi katika chombo kisichozidi sinia la wali.

Tulingoja mvua za kwanza za masika. Tulifanya hivi, nawe waweza kufanya hivyo hivyo.

Kwanza, acha udongo ukauke kidogo, upitishe kisu kikali ukingoni mwa bakuli, uutoe mti mzima. Pili, chukua kijiti uichane mizizi kutoka nje kwenda ndani, kama unavyochana nywele za mtoto zilizosokotana, kuanzia nchani, bila haraka. Tatu, kata. Anza na mizizi minene inayokwenda chini, kwa kuwa hiyo ni ya kushikilia tu, na mti wa bakuli hauihitaji. Ile myembamba kama uzi uihurumie, maana ndiyo inywayo. Usizidishe theluthi moja ya yote. Baba alipapasa kila mzizi kwa vidole, akaniambia, "Huu kata. Huu acha." Mikono yangu ilitetemeka, yake haikutetemeka.

Nne, tengeneza udongo. Sisi tulichukua sehemu moja ya kinongo, ule udongo mwekundu. Sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa. Na sehemu mbili za matofali ya kuchoma yaliyopondwa, chembe zake kati ya mtama na kunde. Chekecha, uitupe vumbi yote, kwa kuwa vumbi ndiyo inayoziba njia ya maji. Mchanga wa pwani usitie, una chumvi. Kinamo nacho usitie. Hushika maji mno, na kikikauka hupasuka. Tano, funika matundu ya bakuli kwa kipande cha wavu, upitishe waya katika matundu hayo uufunge mti kwenye bakuli, usitikisike na upepo. Ncha changa za mizizi hukatika mti ukicheza. Sita, jaza udongo, uuchomechome kwa kijiti hata usibaki uwazi kati ya mizizi. Kisha mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Weka mti kivulini, mbali na upepo, kwa majuma matatu au manne. Usitie mbolea mpaka uone majani mapya.

Basi tulimaliza. Juma la kwanza majani yote yaliyosalia yakaanguka. Mama akasema, "Mmekwisha uua." Jirani akaniomba bakuli. Mimi nililala nikiwaza kwamba kazi ya baba ya miaka ishirini na mitano nimeiua kwa mkono wangu mchana kweupe.

Baba aliniuliza swali moja tu: "Umekwangua ganda?" Nikakwangua tawi dogo kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani kibichi. "Basi uko hai," akasema. "Ngoja. Wala usiuzidishie maji kwa huruma. Mti usio na majani hunywa kidogo." Ikapita juma la pili, na la tatu. Katika juma la nne niliona kitu kama ncha ya sindano penye kovu la waya. Nikaushika mkono wa baba, nikaweka kidole chake gumba hapo. Hakusema neno, ila alikaa pale uani mpaka jua likazama.

Mti wa bakuli mchanga yafaa kubadilishiwa udongo kila mwaka wa pili. Mzee, kila mwaka wa tatu hadi wa tano. Lakini usifuate kalenda peke yake. Uinue mti utazame. Ukiona mizizi imezunguka bakuli kama kamba, wakati umefika.

Msonobari wa Hiroshima

Huenda utasema, miaka ishirini na mitano ni mingi. Sikia habari ya msonobari mmoja wa Japani ulioanza kulelewa katika chombo mwaka 1625. Ulikuwa mali ya jamaa ya Yamaki katika mji wa Hiroshima, wakirithishana. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji ule, nyumba yao ilikuwa kiasi cha kilomita tatu tu kutoka mahali pale. Vioo vya madirisha vilivunjika vikawajeruhi watu wa nyumba kidogo. Mti ulikuwa nyuma ya ukuta, ukasalimika.

Mwaka 1976 Japani iliipa Marekani zawadi ya miti 53 ya namna hii, na mzee Masaru Yamaki akautoa msonobari huo uwe mmoja wao. Ulipelekwa Washington, nako hutunzwa hata leo. Wamarekani hawakujua kisa chake. Mwaka 2001 wajukuu wawili wa mzee yule walifika kuuona mti wa babu yao, nao ndio waliosimulia kwamba ulinusurika katika bomu. Mzee aliwapa wale waliouangamiza mji wake kitu kilicholelewa na mikono ya mababu zake, tena hakuandika hesabu ya deni.

Fikiri pia ni mikono mingapi iliyoukata msonobari ule mizizi kwa karne nne. Laiti mmoja wao angaliogopa kisu, au angaliacha kumfundisha mwanawe, leo usingekuwapo. Mti wa shamba una mvua yake. Mti wa bakuli hauna mvua ila mkono wa mtu. Siku mbili tatu za jua la kaskazi bila maji zatosha kuumaliza.

Kwa shamba lako

Labda huna hamu ya miti ya bakuli. Vema, lakini chukua somo hili kwa miche yako. Mche wa mwembe, mchungwa au mparachichi ukikaa mno katika kiriba, mizizi yake hujizungusha vile vile. Ukiupanda hivyo, utastawi miaka michache, kisha mizizi ile ile hunenepa ikajikaba yenyewe, na mti hudhoofu au huangushwa na upepo, nawe usijue kisa. Kwa hiyo kabla ya kupanda, chana kiriba uangalie chini. Ukiona duara la mizizi, likate kwa kisu kikali. Ila mkarafuu uepushe na kisu, maana haupendi kuguswa mizizi. Dawa yake ni kuupanda mapema, kabla mizizi haijaanza kuzunguka.

Na kama una hamu, anza na watoto wako. Loweka mbegu za ukwaju usiku mmoja, uzipande katika kopo lenye matundu. Mbegu za mabuyu ya rangi wanayonunua njiani hazitaota; zimekwisha pita katika sukari ya moto. Tafuta buyu lililokomaa ambalo halijapikwa, uzimwagie mbegu zake maji ya moto, uziache humo mpaka kesho yake. Na usiweke kisahani cha maji chini ya kopo, usije ukafuga mbu. Mpe kila mtoto kopo lake na siku yake ya kumwagilia. Atakayesahau ataona mwenyewe.

Baba alifariki mwaka 2016. Siku hizi mti humwagiliwa na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, kwa maji ya mvua tunayokinga, kwa kuwa maji ya kisima yana chokaa nyingi. Masika ijayo tutautoa katika bakuli, naye ndiye atakayeshika kisu. Ameshaanza kuogopa. Nimemwambia nitakaa karibu naye nimwonyeshe upi wa kukata na upi wa kuacha.

Basi ukija Mpendae, usituulize tena mche huu tutaupanda lini. Uliza umebadilishiwa udongo lini.